Albert Einstein na mushipa mumoja wa tumbo lake



Leo katika ukurasa huu tunaleta maisha ya Albert Einstein. Wengi munajua sura yake: nywele nyeupe zilizosimama juu, masharubu, koti la zamani. Watoto wenu wanasikia jina lake ku masomo. Hatutaingia sana katika hesabu zake, maana hata sisi wenyewe tungepotea njia. Tunataka kueleza namna aliishi, namna jina lake lilikutana na mugodi wa kwetu Katanga, na zaidi namna alikufa.

Alikufa kwa ugonjwa unaopita mu nyumba zetu pia, lakini mara mingi hatujui jina lake. Baba eko muzima, anakula, anacheka na wajukuu. Ghafula anashika tumbo na mugongo, anatoka jasho la baridi, anaanguka. Mbele ya jua kutoka, amekwisha kufa. Kisha ku kilio maneno yanaanza: nani amemuloga? Mujane anatazamwa kwa macho mabaya, ao mutoto mudogo wa ile nyumba anaitwa ndoki. Njo sababu tunaandika habari hii.

Mutoto aliyechelewa kusema

Albert Einstein alizaliwa tarehe 14 mwezi wa tatu 1879 katika muji wa Ulm, inchi ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake Hermann hakuwa tajiri. Yeye na ndugu yake Jakob walifungua kazi ya vyombo vya umeme kule Munich, lakini ile kazi ilianguka, na mu mwaka 1894 jamaa ilihamia Italia kutafuta maisha.

Mutoto Albert alichelewa kusema, na wazazi waliogopa. Alipokuwa na miaka karibu mitano, baba yake alimuonyesha dira, ile saa yenye sindano inayoelekea kaskazini siku zote. Mutoto akashangaa: nani anaisukuma ile sindano, na hakuna mukono unaoigusa? Tangu siku ile hakuacha kuuliza.

Watu wanapenda kusema kama Einstein alikuwa mujinga ku masomo. Si kweli. Kwa hesabu alikuwa mbele ya wenzake tangu utoto. Alichukia paka walimu waliofundisha watoto kama askari wa gwaride. Mu mwaka 1895, akiwa na miaka 16, alijaribu mutihani wa kuingia katika masomo ya juu ya Zürich, inchi ya Uswisi. Hesabu alipita, masomo mengine yalimushinda. Akarudi chini, akasoma mwaka mumoja zaidi kule Aarau, na mu 1896 akaingia. Vijana wetu wanaokosa mutihani mara moja na kutupa mabuku wasikie hiyo.

Alipomaliza mu mwaka 1900, hakupata kazi. Alizunguka karibu miaka mbili, akifundisha watoto wa watu ili apate chakula. Baba ya rafiki yake alimusaidia, na mu 1902 akaingia katika biro ya serikali kule Bern, fasi wanaandikisha uvumbuzi wa masini. Mwaka uliofuata alioa Mileva Marić, mwanamuke aliyesoma naye, na walizaa watoto wanaume wawili, Hans Albert na Eduard.

Ni katika ile biro, bila cheo kikubwa na bila masini ya gharama, alipoandika mu mwaka 1905 maandiko yaliyogeuza elimu ya dunia. Alikuwa na miaka 26. Katika moja ya yale maandiko alionyesha kama kipande kidogo cha kitu, hata punje ya muchanga, kinaficha nguvu kubwa kupita kiasi ndani yake. Watu wachache walielewa wakati ule. Dunia ilikuja kuelewa miaka 40 nyuma, kwa machozi.

Mu 1914 aliitwa Berlin. Mu 1917, wakati wa vita na njaa, alishikwa na ugonjwa mukali wa tumbo, akakonda sana. Binamu yake Elsa alimupikia na kumutunza, na mu 1919, nyuma ya kuachana na Mileva, alimuoa Elsa. Mwaka ule ule wataalamu wa Uingereza walienda kutazama jua likifunikwa na mwezi, kundi moja ku Brazili na lingine ku kisiwa cha Príncipe, kando ya Afrika yetu. Walirudi na picha zilizoonyesha kama maneno ya Einstein juu ya mwanga na uzito yalikuwa ya kweli. Jina lake likaenea dunia nzima. Zawadi ya Nobel ya mwaka 1921 ilikuwa yake.

Kisha Hitler akashika utawala mu 1933. Myahudi, hata awe mukubwa namna gani, hakuwa tena na fasi kule Ujerumani. Einstein aliacha nyumba na mali, akaenda kuikala Princeton, inchi ya Marekani. Hakurudi tena kwao. Elsa alikufa mu 1936. Dada yake Maja alikuja kukaa naye, na nyumba ikabaki mikononi mwa wanawake watatu: Maja, Margot mutoto wa Elsa, na karani wake Helen Dukas.

Jina lake na udongo wa Shinkolobwe

Sasa tunafika kwetu. Mu mwezi wa saba 1939, wataalamu wawili waliozaliwa Hungaria, Leo Szilard na Eugene Wigner, walimufuata Einstein fasi alikuwa anapumzika, kando ya bahari upande wa New York. Walimuambia kama madini ya uranium inaweza kutoa moto ambao dunia haijauona, na kama Wajerumani wanaweza kuinunua kwa Wabeleji, wenye kutawala Kongo wakati ule.

Einstein alimujua Elisabeth, malkia wa Ubelgiji. Wote wawili walipenda kupiga violoni, na walikuwa wamepiga pamoja. Ni yule Elisabeth ambaye jina lake lilipewa muji wa Elisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo. Wale watu watatu waliwaza kwanza kuwaandikia Wabeleji. Mwishoni barua ilienda kwa Roosevelt, mukubwa wa Marekani, na Einstein akaitia mukono. Iliandikwa tarehe 2 mwezi wa munane 1939. Ndani yake Kongo inatajwa kama fasi kubwa kupita zote ya kupata uranium.

Ile madini ilitoka ku Shinkolobwe, karibu na Likasi. Mu mwaka 1940, mukubwa wa Union Minière, Edgar Sengier, alituma zaidi ya tani 1.200 ku New York, mbele Wamarekani hawajaiomba. Wazee wetu waliichimba bila kuambiwa itafanya kazi gani. Mu mwezi wa munane 1945 bomu mbili zilianguka ku Hiroshima na Nagasaki.

Einstein mwenyewe hakutengeneza bomu. Serikali ya Marekani haikumuamini, haikumuingiza katika kazi ile. Lakini mukono wake ulikuwa ku barua, na alijuta. Miaka yake yote iliyobaki aliitumia kuomba inchi kubwa ziache silaha zile.

Tiyo iliyovimba

Einstein alipenda kiko. Wanganga walimukataza tumbako, yeye akawa anaitafuta kwa siri kama mutoto anayeiba sukari. Na kwa miaka mingi alikuwa na maumivu ya tumbo yaliyokuja kwa ghafula, yakakaa siku mbili tatu pamoja na kutapika, kisha yakaisha.

Mwisho wa mwaka 1948 maumivu yalizidi. Walimupeleka ku lopitali ya Wayahudi ya Brooklyn, kwa munganga wa kisu jina lake Rudolph Nissen. Huyu naye alikuwa Muyahudi aliyekimbia Berlin mu 1933, akapitia Istanbul mbele ya kufika Marekani. Wakimbizi wawili wa utawala mumoja, mumoja amelala ku meza, mwingine ameshika kisu.

Nissen alipofungua tumbo, alikuta aorta imevimba. Tuseme kwanza aorta ni kitu gani. Moyo ni pompi. Aorta njo tiyo kubwa inayotoka ku pompi: inapanda kidogo kifuani, inapinda kama mukono wa fimbo, inashuka kando ya mufupa wa mugongo mupaka mu tumbo, na chini ya kitovu inagawanyika mara mbili kwa kwenda ku miguu. Tiyo zingine zote za mwili, za kichwa, za mafigo, za matumbo, zinatoka kwa hiyo moja. Wachimbaji munajua: tiyo ya presio inapozeeka, kuna fasi ukuta unalegea, unavimba kama mupira. Siku moja presio inashinda ukuta. Mu tumbo la Einstein, fasi ile ilikuwa na ukubwa wa chungwa kubwa.

Mu 1948 hakuna aliyejua namna ya kuitosha aorta ya tumbo iliyovimba na kuweka nyingine. Nissen alifanya kile kilichowezekana. Alichukua selofane, ile karatasi laini inayong'aa ya kufungia bombo na biskiti, akauzungushia mushipa uliovimba. Selofane inauchokoza mwili. Mwili unajibu kwa kujenga kovu ngumu, na lile kovu linashika ukuta kama mukanda. Kisha akafunga tumbo. Einstein alirudi Princeton, lakini alijua kama kile kitu bado kiko mule ndani.

Ile karatasi ilimupa miaka sita na zaidi. Aliendelea na kazi. Alimuzika dada yake Maja mu 1951. Mu 1952 walimuomba awe mukubwa wa inchi ya Israeli, akakataa kwa heshima.

Katika ile miaka sita wanganga hawakulala. Tarehe 29 mwezi wa tatu 1951, kule Paris, Charles Dubost aliitosha aorta ya tumbo iliyovimba ya mugonjwa wake, akashona fasi yake kipande cha mushipa kilichotoka kwa mutu aliyekufa. Kisha Arthur Voorhees kule New York alianza kutumia tiyo ya kitambaa. Kule Houston, Michael DeBakey alishona tiyo za kitambaa ku masini ya kushona ya muke wake. Basi, mwaka 1955 ulipoanza, kulikuwa njia ambayo mu 1948 haikukuwa. Lakini ilikuwa ingali changa, na kwa mushipa uliokwisha kupasuka, wagonjwa wengi walibaki ku meza.

Siku za mwisho

Tarehe 11 mwezi wa ine 1955, Einstein alitia mukono ku andiko la kuomba amani, pamoja na Muingereza Bertrand Russell. Tarehe 13, akiwa nyumbani, maumivu yalimupiga, akaanguka. Mushipa ulikuwa umeanza kuvuja. Siku mbili nyuma walimupeleka ku lopitali ya Princeton.

Frank Glenn, munganga mukubwa wa kisu wa New York, alikuja kumutazama. Alimupendekezea kupasuliwa. Einstein alikataa. Aliwaambia kama amefanya kazi yake, wakati wake umefika, na hapendi kuvutwa-vutwa kwa nguvu katika maisha. Alikuwa na miaka 76 na akili yake ilikuwa nzima. Mutoto wake Hans Albert alitoka California kumuona. Margot, mugonjwa katika lopitali ile ile, aliletwa karibu yake ku kiti cha magurudumu. Muzee aliomba miwani na karatasi zake za hesabu.

Usiku wa kuamukia tarehe 18, nyuma kidogo ya saa saba, alisema maneno machache katika kijerumani. Mama aliyemulinda usiku hakujua kijerumani, na yale maneno yalipotea. Kisha Einstein akakata roho. Walipoupima mwili, walikuta mushipa umepasuka na damu imejaa mu tumbo. Siku ile ile mwili uliunguzwa, na majivu yalimwagwa fasi isiyotangazwa.

Hakuna aliyemuloga Albert Einstein. Tiyo ilipasuka.

Kama angekuwa mugonjwa leo

Msomaji atauliza: na leo, wanganga wangefanya nini?

Leo kuna njia mbili, na njia ya tatu ambayo ni ndoa ya zile mbili. Tutumie mufano wa kazi yetu.

Njia ya kwanza ni ya kisu, ile ya Dubost. Hiyo iko kama mugodi wa wazi. Unaondoa udongo wote wa juu mupaka unaona kile unachotafuta kwa macho yako. Munganga anafungua tumbo ao kifua, anabana mushipa juu na chini, anakata fasi iliyoharibika, anashona tiyo ya kitambaa. Ikishika, inadumu miaka mingi. Lakini kidonda ni kikubwa, na muzee mwenye moyo ao mapafu ya kuchoka hawezi kila mara kuivumilia.

Njia ya pili ni ya kupitia ndani. Hiyo iko kama shimo na galeri. Haubomoi mulima, unashuka kwa tundu dogo, unatembea chini, unasimamisha miti ya kushikilia ukuta kutoka ndani. Munganga anafungua tundu dogo ku nyonga, fasi mushipa wa muguu unapita. Anaingiza waya mwembamba, na juu ya waya tiyo ya kitambaa iliyokunjwa, yenye springi za chuma. Anaiona ikipanda ku masini ya radio. Ikifika fasi iliyovimba, anaiachilia, inafunguka kama mwavuli, na damu inapita ndani yake bila kusukuma tena ule ukuta mubaya. Nikolai Volodos alifanya hivyo kwa mushipa wa kifua kule Kharkiv, inchi ya Ukraine, mu 1987. Juan Parodi alifanya hivyo kwa mushipa wa tumbo kule Buenos Aires, inchi ya Argentina, mu 1990. Einstein alikuwa amekufa tangu miaka zaidi ya 30.

Njia hii nayo ina mipaka. Miti ya galeri inataka mwamba muzuri wa kuegemea. Tiyo ya ndani nayo inataka ukuta muzima juu na chini ya uvimbe, la sivyo inateleza ao damu inapita kando. Tena mushipa mukubwa una matawi. Ukifunika mulango wa mushipa wa mafigo, mafigo yanakufa. Ukifunika mulango wa mushipa wa kichwa, mutu anapooza ao anakufa.

Njo maana wanganga waliunganisha kisu na waya. Kuna mugonjwa ambaye munganga anamufungua kwanza, anashona njia ya kuzunguka, ili kichwa ao mafigo yapate damu kutoka fasi ingine. Nyuma yake tiyo ya ndani inaweza kufunika mulango wa zamani bila hatari. Kuna mugonjwa anayefika tumbo limekwisha kupasuka kama la Einstein: wanapandisha kwanza mupira mudogo ndani ya mushipa, wanaujaza, unaziba damu kama valvu, na munganga wa kisu anapata wakati wa kufungua na kushona.

Na kuna ugonjwa mwingine wa aorta, wa haraka zaidi. Ukuta wa aorta una tabaka tatu. Siku ingine tabaka ya ndani inachanika karibu na moyo, damu inaingia katikati ya tabaka na kuziachanisha, kama mubao wa tabaka ulioingiwa na maji. Maumivu yake ni makali, kama mutu anapasuliwa kifua mupaka mugongo. Hapo kila saa inayopita inaongeza hatari. Kwa ugonjwa huu, Hans Borst kule Hannover, inchi ya Ujerumani, alileta mu 1983 kazi wanayoita mukonga wa tembo. Anabadilisha ule mupindo wa aorta kwa kisu, na kipande cha kitambaa anakiacha kinaning'inia ndani ya mushipa unaoshuka, kama mukonga, ili kazi ya nyuma ipate fasi ya kushikia. Mu miaka ya 1990, wanganga wa Japani waliutia ule mukonga springi za chuma, ukafunguka wenyewe na kushika ukuta. Kisu juu, springi chini, mugonjwa mumoja, siku moja. Kazi ya namna hii inataka chumba chenye meza ya kupasulia na masini ya radio pamoja, na wanganga wa namna mbili wasiogombana nani mukubwa.

Yule DeBakey wa masini ya kushona tulimutaja. Mwisho wa mwaka 2005, akiwa na miaka 97, aorta yake mwenyewe ilichanika kifuani, ugonjwa ambao aliufundisha dunia kuutibu. Naye alikataa kupasuliwa, kama Einstein. Lakini alipopoteza akili, muke wake na wanganga waliamua kumupasua, mu mwezi wa pili 2006. Alipona kwa taabu nyingi, akaishi mupaka 2008, na alifurahi kama hawakumusikiliza. Basi wazee wawili walikataa, na mwisho wao haukufanana. Sisi hatuhukumu. Tunaona paka hii: wote wawili walijua ugonjwa wao kwa jina, na wangali na akili walijua ni kitu gani wanakataa. Baba zetu wengi hawapati hata ile nafasi.

Yale tunayoweza sisi

Tunajua kile mutakachosema: vyumba vile viko mbali, na makuta haiko. Ni kweli. Lakini mambo tatu yako karibu.

Ya kwanza ni tumbako. Kwa uvimbe wa aorta ya tumbo, hakuna kitu kinacholeta hatari kupita tumbako. Sigareti, kiko, yote ni moja.

Ya pili ni tansiyo. Presio kubwa inachosha tiyo. Haiumi, njo maana watu wanaidharau. Wengi wanapimwa siku ya kuingizwa kazini, na kisha wanasahau mupaka siku ya kuanguka. Kupima ni dakika chache. Na ukipewa dawa, unaimeza hata siku unajisikia muzuri.

Ya tatu ni ekografi, ile masini wanayotumia kwa mama wenye mimba. Ile ile inaonyesha aorta ya tumbo, bila kisu na bila maumivu. Kule Uingereza, kila mwanaume anaitwa akipata miaka 65 kwa kupimwa mara moja. Kule Marekani wanawashauri wanaume wa miaka 65 mupaka 75 waliowahi kuvuta. Uvimbe ukiwa mudogo, munganga anaufuata mwaka kwa mwaka. Ukiwa mukubwa, unatibiwa mbele haujapasuka, na hapo mugonjwa ana nafasi nzuri kupita ya yule anayebebwa usiku.

Neno moja zaidi kwa watu wa mugodi. Kwetu mugongo unauma kila siku, na hakuna anayeshituka. Lakini maumivu ya mugodi yanabadilika ukigeuka ao ukipumzika. Maumivu ya aorta yanakuja mara moja, makali, hayabadiliki hata ulale namna gani, na mara mingine yanakuja pamoja na jasho la baridi na kizunguzungu. Yanaweza kudanganya hata munganga: yanafanana na mawe ya figo, ao nyongo, kama yale ya Einstein upande wa kuume. Mutu wa namna hiyo musimukande tumbo, musimupige lavema, musingoje asubuhi. Mumulaze, mutafute gari, mumupeleke ku lopitali kubwa, na muwaambie wanganga kama ni muvutaji ao ana tansiyo.

Na kama amekufa mbele ya kufika, muulize munganga sababu. Musimuulize mujane kwa ngumi, wala musimufukuze mutoto.

Mukongomani anayepita Shinkolobwe anaweza kumukumbuka Muzee Einstein kwa ile barua. Sisi tunaomba mumukumbuke pia kwa mushipa wa tumbo lake. Mwenye baba aliyepita miaka 65 na aliyevuta tumbako, amupeleke ku ekografi mwaka huu.

Kwa leo tunaishia hapa. Mubaki na amani.